Upepo wa Saa Tisa

Kwa wiki sita mchora ramani wa jiji alitafuta mahali pa kutupa taka, maana jiji lenyewe lilikuwa likichipuka kila upande kama uyoga baada ya mvua. Kwenye kompyuta alipanga ramani moja juu ya nyingine: mito, visima, nyumba, barabara, miteremko, udongo. Kila penye kasoro akapafuta, mpaka yakabaki maeneo mawili. Kompyuta ikalipatia la kwanza, bonde moja zuri, alama tisini na mbili. Akapiga makofi peke yake kama mwendawazimu.

Jumapili akaenda kwa shangazi yake, dobi aliyemlea, kompyuta kwapani.

"Lete hilo dude nione kinachokunyima usingizi," shangazi akasema, mikono ingali na povu. Akaikodolea macho ramani, kisha akaangua kicheko. "Hapa, jirani na kwangu? Mwanangu, unataka jiji zima liniletee harufu?"

"Shangazi, upepo unavuma kwenda kule. Vipimo vya uwanja wa ndege vinasema hivyo."

"Uwanja wa ndege haufui mashuka! Asubuhi sawa, unakwenda kule. Ikifika saa tisa unageuka, moshi wa tanuri za matofali za bonde hilohilo unatua juu ya nguo zangu. Unadhani kwa nini naanua saa nane?"

Mchora ramani hakutaka kubishana bure. Akafunga kipima upepo kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia kwa wiki mbili. Kila siku, saa tisa alasiri, mshale uligeuka kama mtu aliyeitwa jina.

Akarudi ofisini, akaongeza ramani ya upepo. Bonde likaporomoka hadi alama arobaini. Eneo la pili, machimbo ya udongo yaliyoachwa nyuma ya kilima, ambako maji hayapenyi wala hakuna jirani, likapanda juu.

Kwenye mkutano wa baraza la jiji mhandisi mkuu, mtu asiyejua kutabasamu, akauliza: "Hii habari ya saa tisa umeitoa wapi?"

"Kwa dobi, mzee. Yule pale."

Shangazi, aliyekuja kusikiliza tu, akasimama na kuonyesha upepo kwa mtandio wake, akiupunga huku na huku mpaka ukamfunika diwani aliyeketi mbele. Ukumbi mzima ukavunjika mbavu. Mhandisi naye akacheka hadi miwani ikamdondoka. Machimbo yakapitishwa bila mtu kupinga.

Wakatoka wameshikana mikono.

"Sasa nitafutie kwenye hilo dude mahali pa kuanika wakati wa mvua," shangazi akasema.

Mchora ramani akamkumbatia palepale barabarani, wapita njia wakiwatazama.