Bakuli la Wageni

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri mjukuu. Yalinikuta kwa mwanangu wa mwisho, Ernest, akiwa na miaka mitatu tu.

Ernest alizaliwa njiti, na uzito wake haukuwahi kuridhisha. Ndiyo maana zahanati ilituita sisi wazazi wa Gulwe wenye watoto wa namna hiyo, tufundishwe kuwalisha. Mke wangu Elieth alikuwa shambani akipalilia uwele, nikaenda mimi. Tulikuwa wanaume wawili katikati ya kina mama ishirini, na mwenzangu alitoroka kabla ya chai.

Nesi Shamila alisema mengi, lakini moja alilirudia mpaka likanichosha. "Mtoto apewe chombo chake peke yake. Kaa naye. Usimkimbize, usimlazimishe. Akimaliza utajua amekula kiasi gani."

"Nesi," nikamwambia, "kwetu anayekula peke yake ni mchoyo."

Kina mama wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Mungu anisamehe, nilirudi nyumbani na kile kicheko, somo nikaliacha palepale kwenye benchi.

Kila mzazi alipewa bakuli la njano, zuri, lenye mfuniko. Elieth alilipokea akaligeuzageuza kwa furaha. "Hili la Ernest," akasema.

"Bakuli zuri hivi akachezee mchanga? Weka kabatini, litafaa kwa wageni."

Basi likawa la wageni. Mzee Petro, mnunuzi wa mbuzi kutoka Kongwa, alitafuna karanga humo. Mchungaji aliwekewa mayai humo. Binti yangu Erica ndiye aliyelipeleka: analishika kwa mikono miwili, anapiga goti, analiweka kwenye stuli mbele ya mgeni. Ernest alikuwa akimfuata nyuma, akitazama.

Yeye alikula na ndugu zake wanne, sinia moja la ugali na mlenda. Ni mtoto wa taratibu. Kabla hajameza tonge la pili, wenzake wanalamba vidole. Elieth aliniambia mara mbili, "Baba Lameck, mtoto hapati kitu pale." Mara ya pili nilimfokea. Nikasema mtoto wa kiume atazizoea hizo mbio. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa hatua tano kutoka kwenye sinia lile, nakula kwenye sahani yangu, peke yangu.

Mwezi wa tatu, mazao yakiwa bado mabichi shambani, miguu ya Ernest ilivimba. Nesi Shamila alimpima mkono kwa ule utepe wao, ukaishia kwenye nyekundu, alama ya utapiamlo mkali. Hakuniuliza habari za bakuli. Heri angeniuliza, ningepata mtu wa kugombana naye. Elieth alilazwa naye hospitali ya Mpwapwa wiki tatu.

Mtoto alirudi hai, na kwa hilo nashukuru kila siku. Jioni ile ile nililitoa bakuli kabatini nikapakua mwenyewe: ugali laini, mlenda wenye karanga za kutwanga, na yai juu yake. Nikamkabidhi, nikakaa chini karibu naye kama nilivyofundishwa.

Ernest akalishika kwa mikono miwili. Akainuka polepole, maana miguu ilikuwa bado haina nguvu, akalibeba mpaka kwenye stuli ya wageni. Akapiga goti, akaliweka. Kisha akarudi mkekani, akakaa kusubiri sinia.

Elieth akageuka, akaingia jikoni.

"Ni lako, baba," nikamwambia mwanangu. Nilikuwa nimelirudisha bakuli mbele yake. "Kula. Ni lako peke yako."

Akaniangalia mimi, akaangalia mlango.

"Mgeni anakuja saa ngapi?" akauliza.