Maandishi Ndani, Weupe Nje

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mapema, asije mtu akajifanya kunifundisha kosa langu mwenyewe.

Karakana yetu ni chumba kimoja: meza ndefu, madirisha mawili, ndoo ya gundi, rula ya chuma na mawe sita ya kukandamizia. Tunanunua karatasi zilizotumika upande mmoja, tunazigeuza kuwa mifuko ya dukani. Maandishi ndani, weupe nje. Ndiyo kanuni ya kazi. Tulianza miaka mitatu iliyopita, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, baada ya mtaro wa nyuma ya nyumba kuzibwa na mifuko ya plastiki na maji kutufuata mpaka kitandani. Watu walitucheka wakasema wanawake wazima wanacheza na makaratasi. Mpaka siku ya kosa hilo maduka kumi na moja ya mtaa huu yalikuwa yameacha plastiki, na mimi naitwa Mama Gundi, jina lililoanza kama kejeli nikalizoea.

Gundi anaipika wifi kwa unga wa muhogo na maji, basi. Mimi ndiye muuzaji. Nikienda kwa mwenye duka mpya nachovya kidole ndooni, nalamba mbele yake, namuuliza kama yeye yuko tayari kulamba plastiki yake. Wengi huishia kucheka na kuagiza.

Wifi si mtu wa maneno. Kazi yake ya kwanza kila asubuhi ni kuchambua karatasi, moja moja, polepole mpaka roho inaniuma. Yenye jina la mtu, iwe barua, iwe ripoti ya shule, inaingia kwenye pipa la maji, inalowa, inakuwa rojo la kutengenezea trei za mayai. Nilikuwa namtania kwamba anatafuta barua za mapenzi humo. Anatabasamu, anaendelea kuchambua.

Siku ile aliniaga kwamba ana shughuli zake, atarudi alasiri. Alinikasirisha, sitaki kuficha. Mwokaji wa mikate pale kona alitaka mifuko mia moja na ishirini kabla ya adhuhuri, na karatasi zilizokuwepo ni gunia moja tu, aliloleta jamaa wa mkokoteni jana yake. Nikalimwaga mezani. Karatasi safi, zimebanwa mbili mbili kwa pini. Nikang'oa pini. Kila ya mbele ilikuwa na muhuri uliopenyeza wino mpaka upande wa pili, haifai kwa nje, nikarundika zile pembeni. Za nyuma nikazikunja, nikapaka gundi, nikazikandamiza. Sikusoma hata neno moja. Ile methali ya haraka na baraka naijua, msinikumbushe.

Mifuko nikaipeleka, nikarudi, nikavuta lile rundo la mihuri nione kama litafaa kwa vifuko vidogo vya viungo. Ndipo nikasoma.

Muhuri ulikuwa wa kliniki. Ukurasa wa kwanza kati ya miwili: jina, umri, mtaa, kipimo kilichoombwa. Juu ya kila karatasi mtu ameandika kwa kalamu nyekundu, "Hayajachukuliwa." Yalikuwa majibu ya watu ambao hawakurudi kuyafuata, na kliniki, badala ya kuyafungia kabatini, imeyaachia yakauzwa kwa kilo. Kurasa za kwanza ziko mbele yangu. Kurasa za pili, zenye majibu yenyewe na jina la mtu tena juu yake, zimebeba mikate mtaani.

Ya saba kutoka juu ilikuwa ya wifi yangu.

Nilisoma jina mara tatu, nikitumaini ni la mtu mwingine. Kipimo: kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe wa titi la kushoto. Tarehe ilikuwa ya miezi mitatu nyuma. Miezi mitatu tumekaa meza moja, tumegombania rula moja, na hajanidokeza. Niliumia kwanza, kisha nikaogopa. Mtaa wetu unajulikana. Mtu akipata uvimbe asubuhi, jioni ameshazikwa midomoni mwa watu, na mama mkwe, ambaye moyo wake ni wa kubembeleza kwa vidonge, angezisikia habari za binti yake dukani akinunua mkate.

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu na unene wangu hakimbii bure, kwa hiyo kila niliyempita aligeuka kutazama.

Mwokaji alikuwa nyuma ya kaunta, unga mpaka kwenye nyusi. Ni mtu mwema, na ndiye wa kwanza mtaa mzima kuacha plastiki. Wenzake kumi walimfuata yeye, si mimi. Nikamwambia nipe mifuko yangu yote, gundi haijashika vizuri. Akanipa bila kinyongo. Nikajifungia stoo kwake, nikaifungua mmoja mmoja sehemu ya juu tu, penye jina, na kiganja nikakiweka juu ya mengine. Niliona majina ya watu ninaowasalimia kila siku. La wifi halikuwemo. Mifuko ilikuwa tisini na saba. Ishirini na mitatu ilikuwa imeshatoka.

Nilisimama pale kati ya magunia ya unga nikafikiri kama sijawahi kufikiri. Nikisema ukweli, kwamba mifuko ina majibu ya wagonjwa, hakuna atakayerudisha. Kila nyumba itauchana wake ione ni wa nani, halafu itaita jirani. Nikinyamaza, mtu atamaliza mkate, atakunjua karatasi apanguse meza, atasoma. Binadamu harudishi kitu upesi bila kuhoji ila kwa jambo moja, na jambo hilo ni kuogopa kufa.

Nikajaza ile mifuko kwenye gunia tupu, nikatoka, nikamwambia mwokaji gundi ina dawa ya panya.

Alinitazama. Akaniuliza taratibu, "Si wewe uliyeilamba hapa mbele yangu?"

"Ile ilikuwa nyingine. Panya walikuwa wanatafuna mifuko, nikachanganya dawa kwenye hii. Mikate isiliwe, na mifuko irudi hapa tuichome."

"Unajua unachokisema, Mama Gundi?"

Nilijua. Nilijua kwamba maneno yale yakishatoka hayarudi, na kwamba miaka mitatu ya kulamba kidole madukani naimwaga mtaroni kwa sentensi moja. Nikamwambia, "Tuma watu sasa hivi."

Hakutuma, alitoka mwenyewe na aproni yake. Wateja wake anawajua kwa nyumba na kwa aina ya mkate. Ndani ya muda mfupi walianza kuja, wameshika mifuko kwa ncha za vidole kana kwamba itawauma. Mama mmoja alikuwa ameshampa mtoto kipande, analia, nikamshika mkono nikamwambia dawa iko kwenye maungio tu, mtoto hajaguswa, mpe maji. Machozi ya yule mama nitayabeba mpaka siku yangu ya mwisho, maana niliyasababisha kwa uongo. Akanitukana mbele ya watu nami nikainamisha kichwa. Mimi, ambaye sijawahi kumwachia mtu neno la mwisho.

Kila mfuko uliofika niliupokea mimi, nikautia kwenye tanuri. Watu wamejaa mlangoni wanatazama, siwezi kufungua hata mmoja. Na Mungu ananiona, nilitaka kufungua. Nilitaka kujua kama wifi yangu anakufa. Nikahesabu kumi na mitano, kumi na minane. Watatu walituma salamu kwamba wameshachoma wenyewe jikoni.

Wa ishirini na mbili ulitumbukia motoni. Ukabaki mmoja, na alikuja nao Redio.

Redio ni jirani yetu. Jina alipewa kwa sababu hazimiki. Alikuja bila haraka, mfuko ameuinua juu dhidi ya mwanga wa jua, jicho moja amelifumba. Akatangaza kwamba sumu haioni, ila anaona maandishi ndani, tena yamechapwa vizuri, na hapa kuna jina. Kidole chake kilikuwa kimeshaingia kwenye maungio.

Nilimwambia kwa sauti ya chini, "Dawa iko hapohapo ulipotia kidole. Ikipita kwenye kucha, ngozi inabambuka."

Akauachia. Ulianguka sakafuni, upande mmoja umefunguka, nikauwahi kabla ya mtu mwingine, nikautupa motoni bila kuutazama. Redio alikimbilia bombani. Nilikaa juu ya kreti la mikate, na hakuna aliyenipa hata maji.

Nilirudi karakana na gunia langu. Wifi alikuwa amefika, amekaa kwenye kiti chake, mkoba magotini, hajavua viatu. Alikuwa ameshasikia njiani. Mtaa mzima ulikuwa unasema. Akaniambia gundi ile ameipika yeye kwa mikono yake na anajua kilichomo, kwa hiyo nimweleze kwa nini namwaga sumu kwenye jina lake.

Nikamwekea karatasi mezani.

Alilipapasa jina lake kwa kidole gumba.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

Nikamweleza yote: gunia, pini, mwokaji, dawa ya panya, tanuri. Nikamwambia umeungua, na kwamba hakuna aliyeusoma. Naapa, wifi, hakuna hata mmoja.

"Hata mimi," alisema.

Sikuelewa. Basi akanieleza, bila kuinua sauti. Miezi mitatu amekuwa akipita mbele ya kliniki akishindwa kuingia. Mara mbili amefika mpaka kwenye benchi akarudi. Leo ndiyo ameingia, amefika dirishani, ametaja jina lake, na karani amemwambia yaliyopitisha siku tisini yameshaondolewa, nakala hawana, labda akatwe tena.

"Ujasiri wa leo nimeukusanya miezi mitatu," akasema. "Mwingine nitautoa wapi?"

Nilikuwa nimejiona shujaa njia nzima kutoka kwa mwokaji. Nimetukanwa, nimeharibikiwa, lakini nimemsitiri wifi yangu. Hivyo ndivyo nilivyojisifu. Kumbe karatasi aliyoiogopa na kuitamani kuliko kitu chochote duniani niliitia motoni mwenyewe, kama si kwa mkono wangu basi kwa uongo wangu. Nililia kwa hasira, tena hasira ya kutaka kujipiga. Yeye hakulia. Alinisogezea kitambaa cha kufutia gundi, ndicho kilichokuwa karibu.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa na nusu. Kliniki inafunga saa kumi na moja. Nikaziingiza kurasa zote za kwanza kwenye gunia pamoja na ile mifuko tisini na saba, nikalifunga kamba, nikasema tunakwenda. Hili tunawarudishia mkononi, na wewe unapimwa leo.

"Watanikata tena," akasema.

"Watakukata nimekushika."

Akasimama.

Pale kona mwokaji alikuwa amepanda ngazi anatundika furushi jipya la mifuko ya plastiki msumarini. Alituona, akageuza uso upande wa ukuta. Duka lililofuata nalo lilikuwa limeshatundika, na la tatu. Redio alisimama mlangoni kwake, mkono umefungwa kitambaa, akaniita muuaji kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa mtaa. Wifi alisita, akaniuliza kama naona yanayotokea, kama si bora tusimame tuwaeleze watu kitu, chochote, kabla kazi yetu yote haijaisha.

"Naona," nikamwambia. "Hao wataningoja. Uvimbe haungoji."

Nikahamishia gunia bega la kulia ili mkono wa kushoto ubaki mtupu, nikamshika, tukaongeza mwendo.