Zamu Yangu ya Saga

Kabla jogoo hajawika nilisikia tupa ikinoa jembe nje ya jiko. Kwa wiki tatu nilikuwa nikiusikia mlio huo na kutabasamu gizani. Goti langu lilikuwa limevimba, na mjukuu wangu Phanice alikuwa amesema, "Dani, bibi yangu, pumzika. Nitaenda saga badala yako."

Saga yetu ni ya wanawake wanane wa hapa karibu na Rodi Kopany. Tunapaliliana mashamba kwa zamu, na nimekuwa ndani tangu nilipoolewa. Kila jioni Phanice aliporudi, jembe likiwa na udongo, nilimchemshia maji ya kuoga ili mgongo wake ulegee.

Siku hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilipika nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, ya kutosha watu wote. Jua likapanda. Akaja mtu mmoja tu, Monari, kibarua mwenye mvi. Alivua kofia.

"Mama, akina mama wamenituma. Wanasema nije peke yangu, kama nilivyokuwa nikienda kwao badala yako."

"Badala yangu? Nani alikutuma?"

Monari alitazama chini. Hakutaka kumtaja msichana mbele yangu, na hilo sijalisahau.

Phanice mwenyewe ndiye aliyesema. "Ni mimi, Dani. Nilikuwa na kazi ya mtandao. Nilikuwa nampa Monari jembe njiani, nakaa kwa rafiki yangu pale Rodi, kule network ni nzuri. Na mashamba yao si yalipaliliwa? Monari anawashinda wote!"

"Wao huja kwangu na mikono yao."

"Kazi ni kazi. Ama mpaka mtu aumwe mgongo ndiyo uamini?"

"Na maji?" nikamuuliza. "Kila jioni nilikuchemshia maji. Ukaniambia mgongo unauma."



Monari alipalilia hadi saa sita, akala, akaosha sahani yake mwenyewe. Sufuria ilibaki karibu kujaa. Nilipakua nyoyo kwenye bakuli, nikalifunga kwa kitambaa, nikachukua fimbo.

"Unaenda wapi na hilo goti?" Phanice akauliza. "Acha niite boda apeleke."

"Hata kuomba msamaha utanitumia mtu?"

Nyumba ya Jerusha, mkubwa wetu wa saga, si mbali, lakini nilipumzika mara nne njiani. Alinikuta langoni.

"Kumbe uko hai! Tulidhani umekufa, Monari anatuficha." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Umetuumiza, nyamera, dada yangu. Tulisema, sasa ametuona sisi ni watu wa kutumiwa kibarua."

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akikunja gunia na kuliweka chini ya mguu wangu. Aliponiuliza kwa nini sikuja kumwona mapema, nilimwambia kwamba nilimwamini mtoto.

"Wenzetu wanataka kukutoa," akasema. "Siwezi kuwashinda peke yangu."

"Na mimi siwezi kuinama, Jerusha."

Alifungua kitambaa, akaonja nyoyo kwa vidole.

"Ijumaa wote wako kwangu," akasema. "Njoo tena. Jembe liache nyumbani. Njoo wewe tu, wakuone."