Zaka Iliyoliwa Msibani

Mwinjilisti Ombeni alikuwa na kipaji cha kulifanya neno la Mungu likubane shingoni kama kola ndogo. Jumapili kadhaa mfululizo aliwafundisha wakulima wa Isansa asili ya zaka: Ibrahimu alivyompa Melkizedeki sehemu ya kumi ya nyara, Yakobo alivyoweka nadhiri Betheli, Walawi wasiogawiwa ardhi walivyokula jasho la ndugu zao. Leo akafika mahali ambapo wahubiri wengi huparuka. Katika Torati, alisema, kutoa peke yake hakukutosha. Mtu alisimama mbele za Bwana akatamka kwamba zaka ile hakuila akiwa kwenye maombolezo.

"Na sisi tutatamka, kila nyumba," akasema kwa upole, kana kwamba anatangaza zamu za usafi. "Atakayeapa uongo, Bwana atakwenda nyumbani kwake kujichukulia fungu lake mwenyewe, hata liwe mtu."

Mzee Jairo akanyoosha mkono. "Mtumishi, na aliyekosa bila kujua?"

"Kiapo ni kiapo, mzee."

Ketrina, benchi la nyuma, aliinamisha kichwa. Mumewe Zabron alifariki baada ya mavuno, magunia ya zaka yakiwa yameshatengwa pembeni ya ghala. Waombolezaji walijaa ua hadi barabarani, na kesho yake unga ukaisha. Sasa mwambie mtu aliyekuja kumlilia mumeo kwamba arudi kwake na njaa, uone kama ulimi utanyanyuka. Ketrina aliyafungua magunia yale, akayapeleka mashineni, asimwambie mtu. Baadaye alinunua mahindi mengine, akayafikisha kanisani, akadhani yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Gwalugano, mwanawe wa pekee, alikuwa safarini Zambia na lori la mizigo kutokea Tunduma, na tangu juzi simu yake haipatikani. Akiapa uongo, nyumbani kwake hakuna mwingine wa kuchukuliwa. Akisema kweli, nani tena atamsalimia pale kijijini? Aliogopa, na wala hakujidanganya kwamba haogopi.

Ombeni alitangulia kuapa. Akafuata Atupele, mtoto mgongoni, akatamka kwa sauti nyembamba na watu wakaitikia Amina. Kisha Mzee Jairo, mkono juu ya Biblia. Hapo ndipo Ketrina alipomkumbuka mzee huyu uani kwake, akisukuma sahani aongezewe ugali. Na Atupele, si ndiye aliyeshika mwiko?

Kumbe hakuwa akitazama watu wasafi wakipita mmoja mmoja kumwacha yeye na uchafu wake. Kila aliyesimama alikuwa amekula, na kila Amina ilikuwa inamfungulia Bwana mlango wa nyumba nyingine. Alitaka kupiga ukelele wanyamaze. Mdomo ukagoma, nao wakaendelea kuapa, benchi baada ya benchi, wakirudi kuketi na nyuso za watu waliotua mzigo.

"Mama Gwalugano," Ombeni akaita. Alikuwa wa mwisho.

Ketrina alisimama akiwa ameshikilia benchi la mbele yake. Akamfikiria mwanawe huko barabarani, na uongo ukamshinda.

"Mimi niliila, mtumishi. Chakula cha msiba wa mume wangu nilipika kwa mahindi ya zaka."

Ombeni akaifunga Biblia polepole, macho yakimwaka kwa furaha ya mtu aliyempata mwizi wake.

"Sema yote, mama. Ulikula na nani?"

Ketrina aliwatazama. Alitamani mno kusema alikula peke yake.

"Na wote mliokuja kunizikia. Wewe ndiye uliyekiombea chakula."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Benchi la mbele, Atupele alimfungua mtoto mgongoni, akamlaza mapajani, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, asikiondoe.