Sauti Pale Mlangoni

Siku hiyo Mama Nota hakamatiki! Miaka nenda miaka rudi alikuwa akizitungia kwaya nyimbo, na leo, kwa mara ya kwanza, kwaya yake inaimbia filamu. Ila mwongozaji wa filamu alishamwambia bila kupepesa macho: wakivuruga leo, ataweka muziki wa kompyuta, basi.

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo, kuta zimebandikwa masponji. Picha ikarushwa ukutani: mama mzee anauendea mlango, anafungua, na mwanawe aliyepotea miaka yote yuko pale. Mlango ukifunguka tu, kwaya nzima ilipuke. Mlipuko huo Mama Nota aliuhangaikia mpaka akakonda.

"Macho kwangu," akawaonya. "Picha niachieni mimi."

Wapi! Mwambie mwimbaji asitazame filamu, uone. Walianza vizuri, chini chini, besi zikinguruma, hata mwongozaji akaweka simu mfukoni. Mama mzee wa kwenye picha akaukaribia mlango. Shingo zikaanza kugeuka, moja, mbili, safu nzima. Mlango ukafunguka, Mama Nota akarusha mikono juu, na kwaya kimya! Vinywa wazi, macho ukutani, na mama mkwe wake, mwimbaji wa sauti ya pili, machozi yanamchuruzika.

"Jamani!" ikamtoka Mama Nota, sauti imekatika katikati.

Ndipo wakazinduka, wakaingia ovyo ovyo, huyu sasa, yule baadaye, na kwikwi humo humo. Mama Nota akaishusha mikono. Kazi ndiyo hiyo, imeota mbawa.

"Turudie, tafadhali," akasema.

"Turudie nini?" mwongozaji akaruka. "Hebu njoo usikilize!"

Fundi mitambo akarudisha picha. Mlango ukafunguka. Kimya. Mama mzee anaonekana mgongo tu, mwanawe anamtazama, na kutoka kwa mama huyo, ungeapa ni yeye, ikasikika ile "Jamani!" Kisha sauti moja moja, kama majirani wanaokuja mbio.

Mama Nota akasisimka mwili mzima. "Lakini hiyo ni sauti yangu!"

"Najua. Atakayeigusa tutagombana," mwongozaji akasema, anajifuta macho bila haya. "Muziki wa filamu ni huu. Kompyuta izimwe!"

Kwaya ikapiga kelele mpaka fundi akavua vidude vya masikioni. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mbele ya Mama Nota kabisa, akamshika mkono.

"Kumbe ni wewe, mwanangu? Mimi nilijua ni yule mama wa kwenye filamu."

Mama Nota akamkumbatia, wakaruka wote wawili.