Siku Tulipofanywa Mji

Usiku wa kuamkia leo niliota bomba kuu, lile linalopita nyuma ya jiko letu kupeleka maji mjini, limetoka ardhini likaja kupiga hodi. Ilikuwa mchana. Mama yuko kitandani, homa imempanda, ananiomba kikombe cha maji, na mtungi mkavu.

"Nimesikia humu kuna kiu," likasema bomba.

"Shikamoo. Ni mama, anaumwa. Kikombe kimoja tu."

"Marahaba. Mimi ni maji ya jumla, binti. Nahudumia miji. Kikombe ni rejareja."

"Sasa tufanyeje?"

"Muwe mji."

Nikaona si neno. Nahesabu watu: mimi, mama, mbuzi, jogoo, na kuku anayeatamia. Bomba linauliza kama mayai yana umri wa kutosha. Nasema bado. Linayaandika kuwa shule ya msingi.

"Mhandisi wenu nani?"

Jogoo anakohoa. Anaapishwa palepale juu ya kinu.

"Na mlima wa kuweka tangi?"

Mlima hatuna. Nyumba inainuka yenyewe, na kitanda cha mama ndani, hadi sufuria zinateleza.

"Sasa mmezidi. Presha haifiki huko."

Nyumba inashuka kidogo.

"Kabula," mama anaita, "hicho kikombe vipi?"

"Vumilia mama, tunakaribia kuwa mji."

Jogoo anagonga mhuri kwa mguu. Tumekuwa mji. Mbuzi wanapiga makofi.

"Hongereni," linasema bomba. "Sasa, miji yote ina mgao. Zamu yenu Alhamisi."

Sikugomba. Mimi si mtu wa kugomba. Mama akasema kwa upole, "Basi nitangoja," akageukia ukutani.

Bomba linapogeuka kuondoka ndipo naona mgongo wake unatiririka jasho, jasho baridi la maji safi. Muda wote lilikuwa limesimama mlangoni pangu, na khanga ninayo kiunoni. Ningelipangusa tu, nikamkamulia mama kinywani. Naifungua khanga, nakimbia. Limeshaingia ardhini, na udongo umejifunika.

Nikaamka kumekucha. Mama anaumwa kweli, tangu juzi. Nikakomba mtungi mpaka chini, nikapata kikombe, nikampelekea mbiombio. Midomo imempasuka. Akakishika kwa mikono miwili, hakunywa.

"Leo siku gani, mwanangu?"

"Jumanne, mama."

Akanirudishia kikombe.

"Basi zamu yetu bado."