Kiapo cha Mama Mshonaji

Mama mshonaji alitaka kufanya mtihani wa uraia mapema, ili bintiye aliyebaki nchi yao ya asili kwa shangazi apate uraia pamoja naye kabla hajafikisha miaka kumi na minane. Mwanafunzi wa chuo, msichana aliyejitolea kumfundisha akamzuia.

“Subiri, mama. Historia bado inakupiga chenga.”

Kisha chuo kikafungwa, mwalimu huyo akaenda likizo, na mama akamsubiri arudi.

Mama alipofanya mtihani, alifaulu vizuri sana, lakini bintiye alishavuka umri huo. Siku ya kiapo, mwalimu alimkumbatia.

“Sasa mlete mtoto!”

“Sheria inasema sasa binti yangu ni mtu mzima, mwanangu. Tumechelewa.”

Mwalimu akaangua kilio. Mama akambembeleza, akamfuta machozi kwa khanga yake, huku moyoni akimchukia.